Agosti ya Siku Moja

Mniwie radhi, andiko hili halina tarehe. Shuleni nilifundishwa kwamba tarehe huandikwa juu, upande wa kulia, lakini huku niliko tarehe hutolewa na serikali, na tangu juzi serikali haijatoa. Askari wa zamu ya asubuhi anasema tuko Novemba. Mwenzake wa jikoni anasema tumesharudi Septemba. Mimi nasema potelea mbali, tuanze.

Nchi yangu inaitwa Jamhuri ya Shukurani. Ni nchi nzuri. Mvua inanyesha kwa wakati, kwenye udongo wake ukitupa mbegu ya papai leo, wiki ijayo unaamkiwa na mche, na ndiyo maana serikali ikatukataza kulima. Waziri wa Shibe alitufafanulia redioni, kwa ile sauti yake ya mtu aliyetoka kula.

"Ndugu wananchi, anayepanda mahindi anasema nini? Anasema Serikali hailishi! Jembe ni matusi yenye mpini!"

Tukayaweka majembe chini. Kila wilaya ikafunguliwa Duka la Nafuu la Taifa, lililojaa vyakula ambavyo watu wa nchi za mbali wamevitengeneza, wakavionja, wakajuta. Ndani utapata soda ya vitunguu. Utapata jamu ya samaki, biskuti za figili, chokoleti yenye kitunguu saumu, na tambi za rangi ya buluu ambazo ukizichemsha zinatoa povu na kunukia kama dawa ya kufulia. Wakati fulani yalikuja makopo ya nyama yenye picha ya paka. Watu wakauliza, jamani, hii ni nyama ya paka au ni nyama ya kumlisha paka? Wizara ikatoa tamko la kurasa tisa: ile ni picha ya mwenye kiwanda. Tukala.

Mimi, Mcha Vuai, nilikuwa Mwonjaji wa Taifa, Daraja la Tatu. Hakuna katoni iliyotoka stoo bila mimi kuionja, kuijazia fomu na kugonga muhuri. Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vitatu vya kuweka tiki. Cha kwanza: Tamu. Cha pili: Tamu Sana. Cha tatu: Tamu Kupita Kiasi. Nilipoajiriwa nilimuuliza mkuu wa idara nifanyeje nikikutana na kitu kichungu. Akanijibu kwa upole kwamba uchungu ni utamu ambao bado haujazoeleka, niweke tiki kwenye cha kwanza.

Sasa niseme ukweli, maana huku ndani sina cha kuficha. Mwaka wa kwanza nilionja. Mwaka wa pili tumbo likanishinda, nikaacha. Nikawa nakaa kitini na kikombe changu cha chai ya tangawizi, naweka tiki cha pili, cha pili, cha pili, katoni mia kabla ya mchana. Nilipandishwa cheo kwa kasi ya kazi.

*

Kaka yangu mkubwa, Pandu, alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya mtaani kwetu. Siku moja ya Januari aliletewa makopo ya dagaa wa kupakwa nyanya kutoka Duka la Nafuu, yapikwe kuwa chakula cha mchana cha watoto mia tatu na wanne. Makopo yalikuwa yamevimba. Akatoboa moja, likamrukia usoni. Akalinusa, akalifunika kwa bamba, akatoka nje ya jiko na kusema neno moja mbele ya walimu wote.

"Kimeoza."

Kesho yake alikuwa mahakamani, kosa lake kuitukana shibe. Kielelezo cha kwanza cha mashitaka kilikuwa fomu yangu, yenye muhuri wangu, na tiki kwenye kisanduku cha pili.

"Mshitakiwa," hakimu akasema, "sahihi hii unaifahamu?"

"Naifahamu, mheshimiwa. Ya mdogo wangu."

"Kwa mujibu wa sheria, Mwonjaji hakosei. Muhuri wake haufutwi na waziri wala na mahakama hii. Sasa unaiambia mahakama kwamba mdogo wako ni mwongo?"

Kaka akageuka. Nilikuwa nimekaa benchi la pili, nimevaa sare ya idara. Alinitazama kwa muda, kisha akamrudia hakimu.

"Hapana, mheshimiwa. Mdogo wangu si mwongo. Labda pua yangu ndiyo mbovu."

Akapewa miezi sita. Hati ikaandikwa: atolewe tarehe mosi Julai. Mimi nikatoka mahakamani nikarudi kazini, na hilo sijajisamehe.

Dagaa wale walipikwa na mpishi mwingine siku iliyofuata. Watoto kumi na mmoja waliugua. Kumi walipona. Mmoja, Sanura, wa darasa la pili, mama yake msusi pale sokoni, hakupona. Kwenye daftari la mahudhurio mwalimu mkuu aliagizwa aandike kwamba amehama.

*

Mwezi wa Mei ikaja meli ya mtindi wa kopo, shehena nzima imepitwa na muda tangu Februari. Mahali pengine wangeumwaga. Sisi tuna Tume ya Kalenda. Tume ilikutana siku mbili hotelini, ikala vitu ambavyo havikutoka Duka la Nafuu, ikatangaza msimamo wake.

"Lebo imeandikwa na wataalamu," mwenyekiti akasema. "Siku zinakuja zenyewe tu, hazina elimu yoyote. Kama lebo inasema Februari na leo inasema Mei, aliyekosea ni leo."

Kalenda ikarudishwa hadi Februari na mtindi ukawa mzima. Wajawazito wa miezi minane wakaambiwa wana mitano. Wanafunzi waliofaulu wakarudishwa darasani kungoja mtihani walioufanya. Mashavu, mke wa Pandu, fundi cherehani ambaye mdomo wake haujui foleni, akaja kwangu amebeba kalenda ya ukutani.

"Shemeji, hebu nihesabie. Mume wangu atatoka lini?"

Nikahesabu. Miezi aliyokwisha kukaa ilikuwa imefutwa na mtindi. Nikamwambia avumilie.

"Nivumilie nini, kopo?" akasema, akaondoka.

Mwisho wa Julai, Julai ile ya Mungu, wakati kaka angekuwa nyumbani kwa wiki nne nzima, ikaja shehena ya mayai ya unga iliyoisha muda Novemba ya mwaka wa nyuma. Kalenda ikarudi Novemba. Hapo Mashavu akafurahi, akavaa kanga mpya, akaenda gerezani.

"Afande, leo ni Novemba. Mume wangu kosa lake ni la Januari. Januari haijafika. Kwa hiyo hajafanya kitu. Nitoleeni mume wangu."

Mkuu wa gereza alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Alifungua jalada, akalifunga, akalifungua tena.

"Mama, unasema kweli. Hajafanya." Akakuna kidevu. "Lakini atafanya. Tunamshikilia kwa kosa lake lijalo."

Siku hiyohiyo mama yake Sanura alikwenda ofisi ya kata kuomba cheti cha kifo cha mwanawe. Karani akapekua kitabu, akamwambia kwa huruma kabisa kwamba kwa tarehe ya leo mtoto yu hai na yuko shuleni, arudi Januari. Mama akauliza, kama yu hai, basi yuko wapi? Karani akamwambia hilo si la dirisha lake. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni. Hasira ilinipanda, nikaangusha karatasi zangu, nikaziokota, nikaenda zangu kuweka tiki. Mnaona nilivyokuwa mtu?

*

Kisha likatokea jambo lililotikisa taifa. Kwa mara ya kwanza tangu Duka la Nafuu lianzishwe, tulipokea kitu kipya.

Kilikuwa kinywaji cha kabichi na mnanaa, chenye gesi. Kilikuja kwa ndege. Kwao kilikuwa kibaya kiasi kwamba hawakungoja kiharibike, walikikataa kikiwa kingali na joto la kiwandani, nasi tukapewa kwa bei ya kutupa. Waziri alikuwa ameshakitangaza: kingezinduliwa Siku ya Shibe, yeye mwenyewe akiwa mgeni rasmi. Nikafungua katoni, nikasoma lebo. Imetengenezwa tarehe mbili Agosti.

Nasi tulikuwa Novemba ya mwaka wa nyuma.

Nilikaa juu ya katoni ile kitambo kirefu. Kinywaji hakiwezi kuuzwa kabla hakijatengenezwa. Lebo haiwezi kukosea. Waziri hawezi kuahirisha. Nikachukua kalamu, nikaiandikia Tume barua ya heshima zote, nikipendekeza kwa unyenyekevu kwamba Siku ya Shibe ihamishiwe Agosti.

Tume ikanishukuru kwa uzalendo. Lakini Agosti ingeyaua tena mayai, mtindi na kila kilichokuwa dukani. Wakajadili, wakaja na hekima yao: Agosti itakaa siku moja tu. Itaanza saa moja asubuhi na kuisha saa kumi jioni, kisha nchi irudi Novemba. Siku hiyo rafu zote zisafishwe, kibaki kinywaji peke yake.

Nikaenda kwa Mashavu nikamweleza. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano.

"Agosti inakuja baada ya Julai mosi," nikasema. "Kwa saa tisa, shemeji, kifungo chake kitakuwa kimekwisha."

Alinitazama, akaacha uzi. "Mcha, hii ni mara ya kwanza nakusikia ukisema kitu cha maana tangu niolewe kwenu."

*

Yaliyotokea gerezani aliniambia Mashavu mwenyewe. Alifika saa moja na dakika tano. Mkuu wa gereza akatoa hati, akavaa miwani.

"Hapa pameandikwa atolewe tarehe mosi Julai," akasema. "Leo ni tarehe ishirini Agosti."

"Ndiyo maana nimekuja, afande."

"Ndiyo maana siwezi, mama. Ningemtoa tarehe mosi, hati ingeniruhusu. Leo nitamtoa kwa hati gani? Mfungwa huyu amepitwa na muda."

Mwanamke mwingine angelia. Mashavu anasema alitaka kumrukia, akajizuia, kwa sababu neno lile lilimgonga sikioni.

"Amepitwa na muda?"

"Kabisa."

"Iandike hiyo, afande, uisaini." Mkuu akaandika, akasaini, maana alipenda kusaini. "Haya. Na Waraka Namba Sita unasemaje juu ya kilichopitwa na muda?"

Mkuu wa gereza akasimama. Waraka Namba Sita kila ofisa wa Shukurani anaujua kwa moyo, anausoma kila Jumatatu mbele ya bendera. Akausoma: kila kilichopitwa na muda, kikiwa mikononi mwa taasisi yoyote ya umma, kipelekwe Duka la Nafuu bila kuchelewa. Alipofika mwisho jasho lilikuwa linamtiririka. Kuchelewa adhabu yake ni kali. Kaka yangu akapakiwa nyuma ya pikapu, kati ya magunia mawili ya unga wa gereza, akapelekwa.

Wakati huo mimi nilikuwa jukwaani uwanjani, mbele ya kipaza sauti. Waziri akahutubia kwa muda wa saa mbili na nusu. Alisema kabichi ni mboga ya watu huru. Alisema gesi iliyomo ni ishara ya taifa linalopanda juu. Kisha akainua glasi, akaigusisha mdomoni bila kufungua midomo, akamkabidhi msaidizi wake, akanigeukia.

"Sasa Mwonjaji wetu atatwambia!"

Nilikunywa. Sijawahi kutia kitu kama kile kinywani. Kilikuwa maji ya kuoshea sufuria yaliyotiwa dawa ya meno. Neno la kaka likanijia mpaka kwenye ulimi, nilitaka kulitema mbele ya redio nzima ya taifa. Lakini ningelitema, uzinduzi ungevunjika, na uzinduzi ukivunjika Agosti inakwisha papo hapo. Na sikujua kama kaka ameshatoka gerezani.

"Tamu kupita kiasi!" nikapaza sauti.

Uwanja ukashangilia. Waziri akafurahi, akaniongezea. Nilikunywa glasi nne, macho yanatoka machozi, watu wakadhani ni uzalendo.

*

Nilifika dukani saa nane na nusu, baada ya Mashavu kunitumia mtu. Mtunza stoo, aliyekuwa na amri ya kusafisha rafu na amri nyingine ya kupokea kila kilicholetwa, alikuwa amemweka Pandu kwenye rafu ya chini, pale zilipokuwa tambi za buluu, chini ya kibao kilichoandikwa PUNGUZO, MOJA KWA KILA KAYA. Kaka alikuwa amekaa amekunja magoti. Alikuwa amekonda, shavu limeingia ndani, meno mawili ya mbele hayapo. Foleni ilikuwa inapita mbele yake. Bibi mmoja akambinya mkono, akauliza kama anaweza kuteka maji, Mashavu akamsogeza kwa bega.

"Nimeshika kadi ya kaya tangu saa nne," akaniambia. "Huyu anasema hauzwi bila fomu yako."

Mtunza stoo akanyoosha fomu. "Utaratibu, Mwonjaji. Siwezi kuitoa bidhaa isiyoonjwa."

"Ni kaka yangu huyu!"

"Sikatai. Onja."

Ilikuwa saa tisa. Nikachuchumaa mbele ya rafu. Sikuwa nimemtazama usoni tangu siku ya mahakama. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikauinamia, nikaubusu, kama tulivyolelewa kuwabusu wakubwa zetu mikono.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Mcha." Kisha, polepole, kwa lile pengo la meno: "Lile kopo uliwahi kulionja?"

"Sikulionja, kaka."

"Nilijua," akasema, na hakuuondoa mkono.

Nikajaza fomu. Jina la bidhaa: Pandu Vuai. Nikaweka tiki kisanduku cha tatu, nikagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikacheza. Katika miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo fomu ya kwanza niliyoijaza kwa ukweli. Mashavu akalipa, akapewa risiti, akamshika mumewe mkono wakatoka naye mlangoni saa kumi kasoro dakika ishirini.

Saa kumi king'ora kikalia, nchi ikarudi Novemba. Saa kumi na robo polisi wawili walikuwa barazani kwa Pandu, kumrudisha mfungwa wa kosa lijalo. Mashavu hakuinuka hata kwenye kiti. Aliwanyooshea risiti, akawaonyesha kwa kidole maandishi mekundu ya chini, yaleyale yaliyoko kwenye kila risiti ya Duka la Nafuu, ambayo miaka yote yalitukatisha tamaa tuliporudi na mtindi uliochacha: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Koplo akasoma. Akasoma tena kwa sauti. Akapiga simu kwa mkubwa wake, akasikiliza sana, akasema "ndiyo afande" mara sita, akakunja risiti vizuri, akairudisha kwa mikono miwili.

*

Hapa ningeweza kuacha, mkanisifu. Ila hasira yangu ilikuwa bado haijaisha, na mayai ya unga hayakuwa yamemaliza kazi yake.

Asubuhi iliyofuata niliingia stoo na kukuta katoni arobaini zimepangwa mlangoni. Zilikuwa za dagaa wa nyanya, shehena ileile ya Januari. Zilikuwa zimefungiwa tangu watoto waugue, lakini kwa kuwa sasa ni Novemba, hakuna mtoto aliyeugua. Zilikuwa zinakwenda shuleni Jumatatu, na kwa kuwa muhuri wangu wa Januari ulikuwa bado haujagongwa, zilikuwa zinangoja mwingine.

Nikaimwaga chai yangu. Nikachukua kopo moja lililovimba, nikalitoboa, nikachota kwa ncha ya kidole, nikaonja. Nilitapika pale pale juu ya viatu vya sare. Kisha nikanawa, nikakaa mezani, nikachukua rula. Kwenye fomu ya kwanza, chini ya kisanduku cha tatu, nikachora cha nne. Pembeni yake nikaandika: Kimeoza. Nikaweka tiki. Nikaandika jina langu kamili na la baba yangu, nikagonga muhuri. Nikafanya hivyo mara arobaini, taratibu, kila katoni nikiionja kwanza.

Waziri alikuja mwenyewe. Alipiga kelele mpaka vifungo vya koti vikamwachia. Aliniita msaliti, aliniita mdudu, akaagiza zile fomu zichanwe, na mwanasheria wake akamnong'oneza kile alichokisema hakimu: Mwonjaji hakosei, muhuri wake haufutwi. Wangeweza kunifunga mimi. Katoni hawakuweza kuzitoa.

Nikafungwa miezi sita. Nitatoka lini, yaulizeni mayai. Kaka huja kila Jumapili na bakuli la maharage aliyoyapanda mwenyewe nyuma ya choo, kwa siri. Askari akiinua kifuniko, kaka husema "Subiri," anachota kijiko cha kwanza anakila yeye, ndipo ananipa.

Jumapili ya kwanza nilimuuliza kuhusu ile Jumatatu. Akasema shuleni hakukuwa na chakula kabisa. Watoto walisoma na njaa, wadogo wakalia, mwalimu mkuu akawapa maji. Yeye alikwenda kusimama langoni tangu kengele ya asubuhi, na mama yake Sanura akaja kusimama naye. Waliwahesabu wakiingia: mia tatu na watatu. Wakakaa palepale juani mpaka kengele ya mwisho, wakawahesabu wakitoka, mmoja mmoja, kwa kuwagusa kichwa. Mia tatu na watatu.